Umeme Ulikuwepo, Treni Zikagoma: Uchambuzi wa Kisa cha Gridi ya Uingereza, Agosti 9, 2019

Jioni ya Ijumaa, Agosti 9, 2019, treni kadhaa za umeme zilisimama kwenye njia zinazoelekea kaskazini kutoka London, na nyingine nyingi zikakwama nyuma yake. Waya uliokuwa juu yake ulikuwa na kilovolti 25 kama siku zote. Mota zake zilikuwa nzima, transfoma zilikuwa nzima, wala hakuna kifaa kilichoungua. Hata hivyo takriban treni 30 kati ya hizo hazikuweza kuondoka mpaka fundi azifikie moja baada ya nyingine, akiwa na kompyuta mpakato, azifungue kwa programu. Abiria walikaa ndani kwa saa nyingi, na treni 23 zilibidi kuhamishwa watu njiani.

Jioni hiyohiyo zaidi ya wateja milioni 1.1 wa umeme nchini Uingereza walikatiwa umeme, lakini wote walikuwa wamerudishiwa katika muda usiozidi dakika 45. Tofauti kati ya dakika 45 za gridi na saa nyingi za reli ndiyo inayokifanya kisa hiki kistahili kuchambuliwa na mtu yeyote anayeshughulika na udhibiti wa vigeuzi vya umeme, yaani vifaa vya kielektroniki vinavyougeuza umeme kutoka umbo moja hadi jingine. Kilianza kwa radi, kikapita kwenye shamba la upepo baharini, kikapita kwenye mtambo wa gesi na mvuke, kikapita kwenye rilei ndogo, yaani vifaa vinavyouangalia umeme na kuamuru ukatwe, zilizotawanyika nchi nzima, kikaishia kwenye mota za treni. Ninavyokisoma mimi, karibu kila hatua yake ilikuwa uamuzi wa kifaa kizima kujitoa kwa ajili ya kujilinda, na mipaka ya uamuzi huo ilikuwa imeandikwa na watu ambao hawakuwahi kukaa meza moja.

Radi

Ilipotimu saa 10 na dakika 52 jioni, radi ilipiga njia ya kilovolti 400 iliyoko kati ya vituo vya Eaton Socon na Wymondley, kaskazini mwa London. Hili si jambo la ajabu. Radi ikipiga njia ya umeme, hewa inayozunguka waya hugeuka kuwa njia ya mkondo na kusababisha shoti. Rilei huiona, sakiti breka, yaani swichi kubwa za kukata umeme, za pande zote mbili hufunguka, hewa hupoa, kisha njia hurudishwa yenyewe. Siku hiyo shoti iliondolewa katika muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde, na njia ikarudi kazini sekunde 20 hivi baadaye. Kwa upande wa njia yenyewe, ulinzi ulifanya kazi yake bila kasoro.

Hata hivyo, katika muda huo mfupi volteji ilishuka kwenye eneo pana, na pembe ya fezi, yaani mahali wimbi la umeme lilipo katika mzunguko wake, ikaruka. Kila kigeuzi, kila jenereta na kila rilei iliyokuwa ikisikiliza gridi ilisikia mshtuko huo. Kila kimoja kiliutafsiri kwa namna yake.

Rilei zilizodhani zimeachwa peke yake

Wa kwanza kujitoa walikuwa wazalishaji wadogo waliounganishwa kwenye nyaya za usambazaji, yaani paneli za jua, injini za gesi na mitambo mingine ya ukubwa wa kati. Hawa huwekewa rilei ya kutambua kama sehemu yao ya mtandao imetengana na gridi kuu, kwa sababu jenereta inayoendelea kulisha kipande kilichojitenga inaweza kumuua fundi anayedhani waya hauna umeme. Rilei hiyo haina macho ya kuiona gridi kuu. Inachoweza ni kukisia. Aina moja hukisia kwa kuangalia kama pembe ya fezi imeruka ghafla. Aina nyingine huangalia kama masafa, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, yanabadilika kwa kasi inayopita kiwango fulani, ambacho kwa rilei nyingi za wakati huo kilikuwa hezi 0.125 kwa sekunde.

Shoti ya radi huifanya pembe ya fezi iruke hata pale ambapo hakuna kilichotengana. Rilei za aina ya kwanza zikakisia vibaya, na karibu megawati 150 zikaondoka mara moja.

Shamba la upepo lililobembea

Hasara kubwa zaidi ilitoka Hornsea One, shamba la upepo lililoko kilomita 120 hivi kutoka pwani ya Yorkshire, ambalo lilikuwa bado katika hatua za mwisho za kukamilishwa. Turbini zake 174, kila moja ya megawati 7, huzungusha jenereta za sumaku za kudumu zisizo na gia. Umeme wote wa kila jenereta hupita kwenye kigeuzi: kwanza hugeuzwa kuwa mkondo mnyoofu, kisha kigeuzi cha upande wa gridi huutengeneza upya kuwa mkondo geu wa hezi 50. Kwa hiyo gridi haioni chuma kinachozunguka kule baharini. Inachokiona ni transista zinazowaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde kwa kufuata amri za programu.

Programu hiyo hufanya kazi kwa vitanzi vya udhibiti vilivyopangwa kimoja ndani ya kingine. Kitanzi cha ndani kabisa hudhibiti mkondo na hujibu ndani ya milisekunde chache. Kingine hufuata fezi ya gridi, ili kigeuzi kijue kila wakati wimbi la volteji liko wapi. Cha nje husimamia volteji ya mahali shamba linapoungana na gridi, kwa kuongeza au kupunguza nguvu riaktivu, yaani ile nguvu inayokwenda na kurudi kati ya vifaa bila kumfikia mtumiaji kama kazi, lakini ambayo bila yake volteji haishikiki. Kila kitanzi huwa na ukali wake wa mwitikio: kikiona kosa dogo, kinajibu kwa nguvu kiasi gani, na kwa haraka kiasi gani.

Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo, na inafaa tukae nacho kidogo. Ukali wa kitanzi cha volteji hauamuliwi na aliyeandika programu peke yake. Kigeuzi kikisukuma kiasi fulani cha nguvu riaktivu, volteji itapanda kwa kiasi kinacholingana na ukinzani wa induktansi, yaani namna nyaya na transfoma zinavyopinga mkondo unaobadilika, uliopo kati yake na jenereta kubwa za gridi. Gridi ikiwa imara, ukinzani huo ni mdogo na volteji husogea kidogo tu. Gridi ikiwa dhaifu, msukumo uleule huitikisa zaidi. Chukua mfano wa namba rahisi: njia zikipungua hadi uwezo wa shoti wa mahali pale, ambao ndio kipimo cha uimara wa gridi, ukawa nusu ya ulivyokuwa, ukali halisi wa kitanzi chote unakuwa mara mbili, ingawa hakuna mtu aliyegusa hata herufi moja ya programu. Ongeza hapo ucheleweshaji wa kupima, wa kuchuja kelele na wa kupeleka amri kwa turbini nyingi, na utapata kitanzi kinachosahihisha kosa wakati kosa lenyewe limeshageuka upande. Marekebisho yanafika kwa kuchelewa, yanazidisha, yanarekebishwa tena, yanazidisha tena. Huo ndio mbembeo.

Hornsea One ilikuwa na jambo jingine linaloikaribisha hali hiyo. Umeme wake husafirishwa kwa nyaya ndefu za mkondo geu chini ya bahari, ndefu kiasi kwamba katikati ya njia kimejengwa kituo maalumu baharini cha kufidia nguvu riaktivu. Waya wa chini ya bahari ni kapasita ndefu sana, yaani hukusanya chaji na kuiachia. Kapasita ikikutana na induktansi za transfoma na za gridi, panapatikana masafa fulani ambayo mfumo unapenda kutikisika kwayo, na kigeuzi chenye kitanzi kikali kinaweza, badala ya kuufifisha mtikisiko huo, kuuongezea nguvu.

Volteji ya mahali Hornsea inapounganishwa nchi kavu ilishuka kwa asilimia 2 hivi tu, kiasi ambacho shamba lolote la upepo linatakiwa kukivumilia bila taabu. Vigeuzi vilianza kujibu kama ilivyotarajiwa, vikitoa nguvu riaktivu ya kuinua volteji. Kisha mwitikio ukaanza kubembea kwa masafa yaliyo chini ya hezi 50, na kwa kuwa mbembeo huo haukuwa na kififishaji cha kutosha, ukakua badala ya kufa. Volteji ya ndani ya shamba ikaporomoka, mkondo ukapanda, na turbini zikajizima kwa ulinzi wake zenyewe. Uzalishaji ukashuka kutoka megawati 799 hadi 62. Megawati 737 zikawa zimepotea kwa sababu ya kitu kisichoonekana kwenye mchoro wowote wa nyaya.

Kampuni inayoliendesha shamba hilo, Ørsted, ilirekebisha programu ya udhibiti baada ya tukio. Haikubadilishwa turbini, waya wala transfoma. Kwa mhandisi wa zamani aliyezoea kwamba hitilafu ya megawati 700 huacha harufu ya mafuta yaliyoungua, hili ni jambo la kulitafakari: mabadiliko ya namba chache ndani ya kidhibiti yanatosha kuligeuza shamba zima kutoka kuwa mtikisaji hadi kuwa mtulizaji wa gridi ileile.

Mtambo wa mvuke

Karibu wakati huohuo, mtambo wa Little Barford, wa kampuni ya RWE, ulipoteza turbini yake ya mvuke iliyokuwa ikitoa megawati 244. Vihisi vitatu vya kupima kasi ya mhimili, ambavyo kazi yake ni kuthibitishana, vilitoa majibu yasiyolingana, na mfumo wa usalama ukachagua kuizima turbini. Kanuni hiyo ni sahihi, kwa sababu turbini ya mvuke isiyojua kasi yake ni chombo cha hatari. Chanzo cha kutolingana kwa vihisi hakikuthibitishwa. Nasitasita kusema zaidi juu ya sehemu hii, isipokuwa jambo moja ambalo litarudi mbele kidogo: turbini hiyo ilikuwa ikinywa mvuke uliotokana na joto la turbini mbili za gesi, na mvuke ule haukuacha kuzalishwa kwa sababu tu mnywaji wake amezimwa.

Hesabu ya masafa

Tujumlishe. Hornsea 737, turbini ya mvuke 244, rilei za kuruka kwa fezi 150: jumla megawati 1,131 ndani ya sekunde moja hivi, wakati mahitaji ya nchi yalikuwa takriban gigawati 29. Mwendeshaji wa gridi alikuwa ameweka akiba ya kukabiliana na upotevu wa megawati 1,000, kwa kufuata kanuni iliyotaka akiba itoshe kwa hasara kubwa moja na siyo mbili zinazokutana kwa bahati mbaya.

Masafa ya gridi ni daftari la mapato na matumizi. Uzalishaji ukipungua ghafla, tofauti huchotwa kwenye mwendo wa jenereta zote zinazozunguka, nazo hupunguza kasi kwa pamoja. Kasi ya kushuka hutegemea inesha, yaani nishati iliyohifadhiwa kwenye vyuma hivyo. Ukizidisha megawati zilizopotea kwa 50, kisha ukagawa kwa mara mbili ya nishati hiyo kwa megawati-sekunde, unapata hezi kwa sekunde. Kwa hasara ya megawati 1,000, ili masafa yasishuke kwa kasi inayopita hezi 0.125 kwa sekunde, mfumo unahitaji megawati-sekunde 200,000. Kwa hasara ya megawati 1,131 unahitaji zaidi ya 226,000. Mtu akipanga kwa hesabu ya kwanza na kukutwa na ya pili, anaupita mpaka.

Mpaka huo ulipitwa. Rilei za aina ya pili, zile zinazokisia kwa kasi ya mabadiliko ya masafa, zikaamini kwamba zimetengana na gridi, na megawati nyingine 350 hivi zikajitoa. Hapa pana kejeli ambayo haihitaji kuongezewa chumvi: jenereta zilijitoa kwa kudhani hakuna gridi, wakati gridi ilikuwepo na ilikuwa ikizihitaji kuliko wakati mwingine wowote wa siku hiyo. Hasara ikawa megawati 1,481.

Pamoja na hayo, sekunde zilizofuata zilikuwa za kutia moyo. Akiba ikaitikia, ikiwemo takriban megawati 475 za betri, ambazo nazo ni vigeuzi vinavyoongozwa na programu. Betri haina mvuke wa kusubiri wala vali ya kufungua. Kidhibiti kikiona masafa yameshuka, kinaamuru mkondo, na mkondo unatoka ndani ya sehemu ya sekunde. Masafa yaliyokuwa yameshuka hadi hezi 49.1 katika sekunde 25 yakasimama, kisha yakaanza kupanda, yakafika 49.2. Baadhi ya waliolipwa kuweka akiba hawakutoa kiasi walichoahidi, lakini kama hadithi ingeishia hapo, pengine watu wachache tu wa kwenye fani ndio wangeikumbuka tarehe hiyo.

Haikuishia hapo kwa sababu ya mvuke wa Little Barford. Uliokosa pa kwenda ulipitishwa kwenye njia ya pembeni, shinikizo likapanda, na karibu dakika moja baada ya radi turbini ya kwanza ya gesi ikajizima, megawati 210. Akiba ilikuwa imekwisha. Masafa yakashuka tena, na sekunde 76 tangu radi yakagusa hezi 48.8, kiwango ambacho mitandao ya usambazaji hukata wateja yenyewe bila kumuuliza mtu. Sekunde chache baadaye wafanyakazi wa mtambo, wakiona shinikizo linaendelea kupanda, waliizima turbini ya pili kwa mkono, megawati 187 nyingine. Jumla ya hasara zilizohesabiwa ikafika 1,878.

Ukataji wa wateja uliondoa mahitaji ya megawati 931, na masafa yakarudi hezi 50 ndani ya dakika tano tangu radi ilipopiga. Kasoro moja ya mpango huo inafaa itajwe: ulibuniwa zama ambazo waya wa usambazaji ulikuwa na watumiaji tu. Siku hiyo nyaya zilizokatwa zilikuwa pia na wazalishaji wadogo, kwa hiyo kila ulipokatwa mtaa, gridi ilipata nafuu ndogo kuliko ile iliyoandikwa kwenye jedwali.

Mpaka wa hezi 49

Sasa turudi kwenye treni, kwa kuwa gridi ilipopona, zenyewe ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kuumwa. Zilizoathirika ni za familia ya Desiro City za kampuni ya Siemens, madaraja 700 na 717, zikiendeshwa kwenye huduma za Thameslink na Great Northern. Treni 60 hivi zilijizima.

Treni ya aina hii huchukua kilovolti 25 za fezi moja kutoka kwenye waya, huzishusha kwa transfoma, kisha huzipeleka kwenye kigeuzi cha upande wa gridi, ambacho kinaweza kupitisha nguvu kwa pande zote mbili, kutoka kwenye waya wakati wa kuvuta na kurudi kwenye waya wakati wa kufunga breki. Kigeuzi hicho hutengeneza mkondo mnyoofu wenye volteji tulivu kwenye kapasita kubwa. Upande wa pili wa kapasita, inveta hutengeneza fezi tatu za mota kwa masafa yoyote yanayotakiwa na kasi ya treni. Mota, kwa hiyo, haijui kabisa kama gridi iko hezi 50 au 48. Ikisukumwa kwa hezi 80 au 5, ni inveta iliyoamua.

Programu ya kigeuzi cha upande wa gridi ilikuwa imewekewa mpaka wa hezi 49. Masafa yakishuka chini ya hapo, kigeuzi kinazima. Lakini maelezo ya kiufundi waliyopewa watengenezaji yalitaka treni iendelee kufanya kazi kwa muda mfupi hadi hezi 48.5. Je, kulikuwa na sababu ya kimaumbile ya kuogopa hezi 49?

Sumaku ya ndani ya transfoma huongezeka kadiri volteji inavyopanda na masafa yanavyoshuka. Kutoka hezi 50 hadi 49 ni ongezeko la asilimia 2, hadi 48.5 ni asilimia 3 na kidogo. Ila kiwango cha Ulaya cha mifumo hii ya reli kinaruhusu volteji ya kudumu hadi kilovolti 27.5, na hadi kilovolti 29 kwa dakika chache. Transfoma iliyosanifiwa kubeba asilimia 10 za ziada kwa kudumu haitishwi na asilimia 3 za muda mfupi. Upo pia ukweli kwamba nguvu ya fezi moja hudunda mara mbili kwa kila mzunguko, hivyo kwenye hezi 50 mkondo mnyoofu hutikisika kwa hezi 100, na baadhi ya treni huwa na kichujio kilichopangwa kwa masafa hayohayo. Masafa yakishuka hadi 49, mtikisiko unakuwa hezi 98, na kichujio kinafanya kazi yake kwa ufanisi pungufu kidogo. Pungufu kidogo si sawa na kushindwa. Kwa maoni yangu mpaka ule haukuwa umetokana na chuma wala shaba. Ulikuwa namba iliyoonekana ya busara kwa mtu aliyejua kwamba gridi ya Uingereza karibu haitoki nje ya 49.5 na 50.5.

Kuzima, hata hivyo, kungeweza kusamehewa. Treni inayozima kwa nusu dakika na kuwaka tena masafa yanaporudi ingechelewesha abiria kwa dakika chache. Tatizo kubwa lilikuwa hatua iliyofuata. Programu iliihesabu hitilafu hiyo kuwa ya aina inayotaka kufuli ya kudumu, yaani ile inayowekwa pale kigeuzi kinaposhuku kwamba chenyewe kimeharibika. Siemens wenyewe walieleza kwamba haikukusudiwa iwe hivyo: kushuka kwa masafa ya umeme unaotoka nje hakukupaswa kuifunga treni kwa namna ambayo dereva hawezi kuifungua.

Jambo linalouma zaidi kwa msomaji mhandisi ni kwamba treni zilizokuwa bado na toleo la zamani la programu ziliweza kuwashwa upya na dereva kwa kuzima na kuwasha betri. Zilizokuwa zimeshapata toleo jipya ndizo zilizomsubiri fundi. Maboresho yalikuwa yakiendelea kusambazwa, kwa hiyo siku ile treni mbili zilizofanana kwa kila kitu cha kushikika zilitofautiana katika uwezo wa kuinuka, na dereva hakuwa na njia ya kuijua tofauti hiyo kabla haijamfika. Fundi naye alitakiwa kusafiri hadi ilipo treni, kwenye njia za reli ambazo treni ileile ilikuwa imeziziba.

Majaribio ambayo hayakufanyika

Ukiviweka kando vihisi vya Little Barford, hitilafu nyingine zote za siku hiyo zingeweza kuonekana mezani kabla ya kutokea. Kigeuzi cha treni kinaweza kuunganishwa na kiigizaji cha gridi, masafa yakashushwa taratibu kutoka 50 hadi 48.5 na kurudishwa, kisha mtu akaangalia mambo mawili: je, kilizima, na je, kiliwaka chenyewe? Swali la pili mara nyingi husahaulika, kwa sababu jaribio la ulinzi huhesabiwa limefaulu pale kifaa kinapozima salama.

Kwa shamba la upepo, jaribio ni gumu zaidi lakini linajulikana. Kidhibiti halisi huunganishwa na modeli ya kompyuta inayokwenda kwa wakati halisi, ikiwa na nyaya za baharini, transfoma na gridi inayodhoofishwa hatua kwa hatua kwa kuondoa njia moja baada ya nyingine, huku volteji ikitikiswa kidogo na mbembeo ukipimwa kama unafifia au unakua. Ugumu wake ni wa kibiashara kuliko wa kihandisi: ili kulifanya vizuri, mtengenezaji wa turbini anatakiwa kutoa modeli kamili ya programu yake, ambayo ndiyo siri yake ya sokoni, na mwendeshaji wa gridi anatakiwa kuwa na watu wanaoweza kuisoma. Modeli rahisi zilizotumika miaka mingi kuchunguza uthabiti wa gridi huchukulia vitanzi vya ndani vya kigeuzi kuwa vya haraka kiasi cha kupuuzwa. Mbembeo wa aina ya Hornsea huishi hasa katika kile kinachopuuzwa.

Kilichobadilika

Mpango wa kubadilisha rilei za wazalishaji wadogo ulikuwa tayari umeanza kabla ya tukio, na baada yake uliharakishwa. Ulinzi wa kuruka kwa fezi uliondolewa, na mpaka wa kasi ya masafa ukapandishwa hadi hezi 1 kwa sekunde, tena baada ya kusubiri nusu sekunde kujiridhisha. Oktoba 2020 ilianzishwa huduma mpya ya akiba inayotakiwa kuitikia ndani ya sekunde moja, ambayo mwanzoni ilitolewa na betri. Mwaka 2022 kanuni za gridi zikaongezewa masharti ya vigeuzi vinavyounda gridi, yaani vile visivyosubiri kuifuata fezi ya wengine bali vinashikilia volteji na fezi yake vyenyewe na kutoa nguvu papo hapo mfumo unapotikiswa, kama jenereta ya chuma ifanyavyo.

Ripoti ya Ofgem, msimamizi wa soko la umeme, ilitoka Januari 3, 2020. Wamiliki wa Hornsea One na RWE walikubali kulipa pauni milioni 4.5 kila mmoja kwenye mfuko wa hiari, na kampuni ya usambazaji ya UK Power Networks pauni milioni 1.5 kwa kuwarudishia wateja umeme kabla ya kuruhusiwa na mwendeshaji wa gridi. Treni hazimo katika orodha hiyo, kwa sababu Ofgem haisimamii reli. Na sehemu kubwa ya usumbufu uliozungumzwa mitaani jioni ile ilitoka kwenye treni zilizokuwa zimesimama chini ya waya wenye umeme.